Wajumbe wa Kitufe cha Juu

Jumatatu asubuhi Bi Nuktamkato alifungua ofisi ya programu katika kampuni ya lifti, akatundika mkoba wake kwenye msumari, akachomeka birika la umeme, na alipogeuka kutafuta vikombe akamwona mwanamume ameketi kwenye benchi, kando ya mashine ya fotokopi. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, amevaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi kwa uangalifu. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kiatu kinachong'aa. Wa kushoto ulikuwa na soksi tu.

"Hujambo, bwana?"

"Sijambo, mama."

"Habari za utokako?"

"Njema."

"Na safari?"

"Salama kabisa."

"Basi karibu. Una shida gani?"

Mgeni alipapasa mfuko wa ndani wa koti lake, akapapasa na wa nje, kisha akautazama mkono wake uliotoka mtupu. "Hakuna hitilafu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesahau wimbo katikati ya ubeti.

Bi Nuktamkato akamtilia chai. Mlango haukuwa umevunjwa na dirisha lilikuwa na komeo lake. Mgeni alikuwa ameingia kwa njia anayoijua mwenyewe, na mgeni hachunguzwi alivyoingia.

Jina la Nuktamkato alipewa na wenzake kazini. Katika lugha ya C, ambayo aliitumia tangu alipotoka chuoni, kila kauli hufungwa kwa nukta-mkato, na yeye alikuwa mtu wa kufunga: hakuacha chai nusu kikombe, hakuacha sentensi nusu njia, wala hakuacha droo wazi. Mwenzake wa meza ya pili aliitwa Mabano kwa sababu iliyo kinyume. Huyo alifungua kisa ndani ya kisa, akafungua kingine ndani ya hicho, na jioni watu wakaenda nyumbani bila kujua mjomba wake alifanyaje na yule mbuzi.

"Dada, nani huyu?" aliuliza Mabano alipofika.

"Sijui. Anasema hakuna hitilafu."

"Mmoja wetu huyo," Mabano alisema, akatoa kikombe chake.

Kufikia saa nne alikuwa amekuja mwanamke asiye na ncha ya kidole kidogo, na baada yake bwana mmoja ambaye shati lake lilipungua kifungo. Mchana akaja mwingine mwenye mkono mmoja wa koti, na wa pili haukuwahi kushonwa. Wote walikuwa nadhifu, wapole, wa rangi ya kahawia kuanzia kofia hadi soksi, na kila mmoja alipungukiwa na kitu kimoja. Bi Nuktamkato aliwasalimia wote kama alivyolelewa, akawauliza habari za nyumbani, za afya na za njiani, nao wakajibu kwamba zote njema. Alipowauliza shida yao, walipapasa mifuko na kusema hakuna hitilafu.

Mabano aliwatazama huku akitafuna kalamu. "Hawa ni wale hasi moja wetu, dada. Tazama, kila mmoja kapungua kimoja. Mimi nilidhani tu wangekuwa warefu kidogo."

Bi Nuktamkato naye alikuwa amekwisha kuwaza hivyo. C ni lugha ya maneno machache. Ukitaka jambo lifanyike unamtuma mjumbe, naye hurudi na jibu. Akirudi na sifuri, mambo ni shwari na hakuna la kusimulia. Akirudi na hasi moja, jambo limeshindikana, na sababu yake huiweka katika kishubaka kilicho mlangoni. Kishubaka ni kimoja tu kwa wajumbe wote. Anayekuja nyuma huweka habari yake juu ya ile ya mwenzake, na ya kwanza haisomeki tena. Kwa hiyo mwenye busara huisoma sababu papo hapo, kabla hajamtuma mwingine hata kwa jambo dogo. Lakini lugha haimlazimishi mtu. Unaweza kumtuma mjumbe na kumgeuzia mgongo kabla hajarudi, na ukipenda, ukaandika mbele ya jina lake neno lenye maana ya utupu, ili ijulikane kwamba jibu lake hulitaki na kwamba umelikataa kwa hiari yako.

Neno hilo lilikuwamo mahali pengi katika programu ya kampuni ile. Aliyeliandika ni Mkurugenzi mwenyewe, zamani, alipokuwa kijana mwenye nywele. Tangu hapo mtindo wa nyumba ulikuwa kwamba lifti isiyosema kitu ni lifti nzima, na kwamba programu yenye adabu haipayuki. Hakuna aliyekuwa amejiuliza majibu yaliyokataliwa yalikuwa yakienda wapi. Wanaotupwa nao huhitaji mahali pa kuangukia, na Jumatatu hiyo, yaelekea, mahali pao palikuwa pamejaa.

Mkurugenzi alipopita kwenda ofisini kwake aliwakuta wamejaza benchi na sehemu ya sakafu. Alikuwa mzee mkarimu, mwenye peremende mfukoni wakati wote. Akawagawia.

"Wamelalamika?" alimuuliza Bi Nuktamkato.

"Hapana, mzee. Wanasema hakuna hitilafu."

"Watu wastaarabu," alisema Mkurugenzi, akaagiza waletewe viti kutoka ukumbi wa mikutano.

Wiki hiyo Bi Nuktamkato alikuwa na lake lililomkaa rohoni. Jumamosi binti yake alikuwa anaolewa, na binti huyo, mwalimu wa chekechea, alikuwa amekwisha kutoa kauli moja ambayo hata posa haikuipindua: bila bibi yake kuketi mbele, yeye hatoki chumbani. Bibi ndiye aliyemlea wakati mama yake akihangaika na masomo na kazi. Ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kusoma saa na kupiga mluzi. Harusi ilikuwa imepangwa ifanyike uani mwa jengo anamokaa Bibi, makusudi, ili asisafiri. Tatizo ni kwamba Bibi alikaa ghorofa ya juu kabisa, ile iliyoongezwa na mwenye jengo baada ya lifti ya kampuni ile kuwekwa. Alihamia huko magoti yake yakiwa bado mazima, mlango wa lifti na kitufe vikiwa tayari ukutani, akaahidiwa kwamba lifti itamfikia wiki inayofuata. Magoti yakaisha. Wiki inayofuata haikufika. Lifti ilipanda hadi ghorofa iliyo chini ya miguu yake, ikapumua, ikateremka.

Wajukuu wa kiume walijitolea kumbeba mgongoni. Bibi aliwatimua.

"Mimi si kabati," alisema kwenye simu. "Kabati ndilo hubebwa ngazini huku watu wanapigiana kelele: inua huku, shusha kule, angalia ukuta. Nimeahidiwa lifti. Nitashuka kwa lifti au nitaitazama harusi kutoka dirishani, na nitapiga vigelegele kwa nguvu, msihofu."

"Mama, na huyu mtoto amesema hatoki bila wewe."

"Amerithi wapi ukaidi huo, masikini!"

Kufikia Alhamisi hapakuwa na pa kuweka mguu ofisini. Wageni hawakuwa na usumbufu. Waliosha vikombe, walipanga nyaya kwa rangi, na adhuhuri waliimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno, ambao kila mmoja aliuacha noti moja kabla ya mwisho. Mabano alikuwa amepata hadhira aliyoiota maisha yake yote. Aliwafungulia visa vitano kwa mpigo, nao walisikiliza vyote bila kudai mwisho wa hata kimoja.

Alasiri hiyo binti alikuja kumchukua mama yake wakajaribu nguo kwa fundi. Alikuwa na haraka, pini mdomoni, viatu vya harusi mkononi. Mlangoni akagongana na mwanamke wa kahawia aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, mwenye nyusi moja. Binti alikuwa ametoka darasani, na mwalimu wa chekechea hujifunza mapema kwamba mtoto ukimsalimia kwanza, hadi amalize kuitikia atakuwa amesahau aliyempiga. Akatoa pini mdomoni.

"Nini kimeharibika?"

"Hakuna ghorofa kama hiyo," mwanamke alijibu mara moja.

Wageni wote waliinua vichwa, kama watu waliosikia jina la mji wao likitajwa redioni.

Bi Nuktamkato aliweka kikombe chini, kikiwa na chai nusu, jambo ambalo Mabano alilisimulia baadaye kwa miezi. Alikuwa amewafundisha vijana wengi wa kazi kwamba sababu husomwa kabla ya kutuma mjumbe mwingine. Na wiki nzima alikuwa akituma salamu mbele. Salamu nayo ni mjumbe. Huenda na kurudi, na ikirudi huacha habari yake palepale mlangoni. Kila mgeni alikuwa ameingia na sababu yake mfukoni, naye akaifuta kwa adabu: habari za nyumbani, njema, habari za safari, salama. Walipoulizwa shida yao, kishubaka kilikuwa na wema mtupu.

"Mwanangu," alisema polepole, "rudia ulivyouliza."

"Nimeuliza vibaya?"

"Umeuliza vizuri mno. Kaa hapo mlangoni."

Nguo ilingoja. Mama na binti walisimama kila mmoja upande wake wa mlango, na kila aliyeingia akaulizwa kabla hajavuta pumzi. Kwa Bi Nuktamkato ilikuwa kama kula kwa mkono usiooshwa. Aliuliza kwanza, halafu akafidia upesi: "Nini kimeharibika hujambo bwana karibu sana." Mgeni asiye na sikio la kushoto alisema hakuna ghorofa kama hiyo. Mgeni ambaye mwavuli wake ulikosa njiti alisema hakuna ghorofa kama hiyo. Wa tatu, mwenye miwani ya kioo kimoja, aliulizwa pia swali la pili.

"Nani aliyekutuma?"

"Bibi mmoja, wa juu kabisa. Anabonyeza kitufe asubuhi, anabonyeza na jioni. Leo amebonyeza na mchana. Anasema ana harusi."

Binti akaketi juu ya mashine ya fotokopi na kuanza kucheka, akacheka hadi mashine ikatoa nakala ya sketi yake.

Bi Nuktamkato alipiga simu.

"Shikamoo, Mama. Bado unabonyeza kile kitufe?"

"Marahaba. Kwa nini nisibonyeze? Kitufe kimewekwa ili kibonyezwe."

"Na ukibonyeza inakuwaje?"

"Taa inawaka. Halafu inazima. Nasema ahsante, naenda zangu kukaa. Mwanangu, mbona wanililia simuni?"

"Silii, Mama. Kuna watu wako hapa kazini."

"Basi wape chai," alisema Bibi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kabla ofisi haijafungwa, Bi Nuktamkato alikuwa amekwisha kuandika mistari inayotakiwa: ghorofa ya juu kuingizwa katika orodha ya ghorofa, neno la utupu kuondolewa, jibu la mjumbe kupokelewa, na likiwa chini ya sifuri, sababu isomwe papo hapo na itangazwe kwa sauti kwenye chombo kilichotengwa kwa habari mbaya. Alizifunga kauli zote. Kisha akampelekea Mkurugenzi, kwa maana bila idhini yake hakuna mstari uliotoka ofisini kwenda kwenye lifti.

Mkurugenzi alisoma yote, akitikisa kichwa kwa furaha. "Kazi safi. Kazi ya mtu aliyesoma. Tutaiweka."

"Kesho, mzee?"

"Baada ya ukaguzi."

"Ukaguzi ni lini?"

"Unakuja." Akafungua peremende. "Fikiria, binti yangu. Lifti zetu hazijawahi kuripoti hitilafu hata moja. Ukianza kumsikiliza mmoja, utawasikiliza wote. Na ukiwasikiliza wote, mkaguzi atasema zamani zilikuwa nzima na sasa zimeharibika. Nani atakuwa ameziharibu? Wewe."

"Lakini mama yangu anakaa huko, mzee. Ana mapazia. Ana maua kwenye makopo."

"Msalimie sana," alisema Mkurugenzi, na alimaanisha.

Ijumaa asubuhi binti hakwenda kwa fundi wala kwa msusi. Alikwenda ofisini kwa mama yake, akasimama mbele ya wageni, akapiga makofi mawili kama afanyavyo darasani.

"Nyinyi mliitwa mfanye nini?"

"Tumteremshe Bibi," walijibu kwa pamoja.

"Mkamteremsha?"

"Tulishindwa."

"Mkishindwa mnafanyaje?"

Walitazamana. Yule asiye na kiatu cha kushoto, ambaye kwa kuwa wa kwanza alichukuliwa kuwa mkubwa wao, alinyoosha mkono. "Tunarudi kusema."

"Na mkishasema?"

"Hapo hatujawahi kufika, mwalimu."

Binti akamgeukia mama yake, na Bi Nuktamkato akaeleza kwamba ni kweli, mahali pale katika programu hapana mstari unaosema jaribu tena. Mjumbe hutumwa mara moja, asipofaulu, husahauliwa. Hawakuwa wavivu. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

"Basi ninawaambia mimi," alisema binti. "Kwangu mtoto akianguka, anainuka, anapangusa magoti, anarudia. Jaribuni tena. Shikaneni mikono, msikimbie barabarani."

Wakatoka wawili wawili, na ofisi ikawa na mwangwi. Mabano alibaki na mjomba wake na mbuzi, hana wa kumwambia.

Jumamosi, jua likiwa limepanda vizuri, ua wa jengo ulijaa viti na vitambaa vyeupe, bwana harusi akarekebisha tai yake mara kwa mara, na bibi harusi akaketi chumbani kwa jirani wa ghorofa ya chini, ameshonwa, amesukwa, na miguu ameikunja chini ya kiti kama mtu asiyetarajia kuitumia. Juu kabisa, Bibi alivaa gauni lake la zambarau, akapaka uso poda, akauburuta mkeka wa mlangoni kando, akaweka kiti chake cha mikono mbele ya mlango wa lifti. Akabonyeza kitufe.

Taa ikawaka. Halafu ikazima.

"Ahsante," alisema Bibi, na ndipo akasikia hatua ngazini.

Walikuja kwa mpango, suti za kahawia zikiwa zimepigwa pasi upya, mmoja katika kila kipandio, kuanzia uani hadi kwenye mkeka wake. Wa kwanza alivua kofia.

"Hakuna ghorofa kama hii, mama," alisema. "Lakini tumekuja."

"Mmechelewa," alisema Bibi. "Hamjambo?"

"Hatujambo, mama."

"Mnakwenda chini?"

"Chini."

"Kuna nafasi?"

"Ipo."

Bibi akaketi, akakusanya gauni lake, akatazama mbele kama watu wanavyotazama ndani ya lifti. Kiti kiliinuka bila mshtuko. Kilipita mkono kwa mkono, kutoka kwa asiye na kidole kwenda kwa asiye na kifungo, kutoka kwa mwenye nyusi moja kwenda kwa mwenye kioo kimoja, na hapakuwa na aliyesema inua huku wala angalia ukuta. Katika kila ghorofa aliyesimama pale alisema "ting" kwa mdomo, na Bibi akasubiri kwa heshima, isije ikawa kuna anayetaka kuingia. Ghorofa moja chini yake aliingia jirani na mtoto mchanga. Wakasogezana.

Wajukuu wa kiume walikuwa wamesimama chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Bibi! Si ulisema hubebwi?"

"Nani kabebwa? Nimepanda lifti. Nimewaita, wamekuja. Nyinyi niliwaita lini?" Kisha akamtafuta bwana harusi kwa macho. "Mume wangu yuko wapi? Mwambieni mke mkubwa ameteremka, sasa anaweza kumpokea yule mdogo."

Mluzi ukasikika kutoka chumba cha jirani, ule aliomfundisha, na mlango ukafunguliwa.

Watu walicheza hadi vumbi la ua likapanda ukutani. Asiye na kiatu cha kushoto alimpata mwenzake asiye na cha kulia, wakasimama bega kwa bega, na miguu yao ya katikati ikaenda pamoja kama ya mtu mmoja asiyepungukiwa na kitu. Mabano alitafuta meza ya wageni wa kahawia, akaendelea pale alipoishia. Mkurugenzi alikuja na zawadi kubwa iliyofungwa utepe, akacheza vizuri kuliko umri wake, na alipopita mbele ya Bi Nuktamkato akamwinamia sikioni.

"Unaona?" alisema kwa upendo. "Mambo yamekwenda, na hakuna kelele."

Bi Nuktamkato alifungua kinywa kumjibu, lakini mama yake alikuwa amemshika mkono akimvutia uwanjani, na hapo hapana mtu aliyeweza kumkatalia Bibi.

Ukaguzi ulifanyika majuma machache baadaye, asubuhi ya siku ya soko. Mkaguzi, kijana mwenye koti jeupe na kofia ngumu, alisoma skrini iliyo chini, nayo ikamwambia kwamba hali ni njema na hitilafu ni sifuri. Akapanda lifti hadi mahali inapoishia. Ilitulia sawasawa na sakafu, naye akaipa alama zote. Kwa kuwa ngazi ziliendelea kupanda, aliamua kumalizia kwa miguu, na alipofika katikati akasikia "ting". Kiti cha mikono kilikuwa kinamjia kutoka juu, mkono kwa mkono, na juu yake mwanamke mzee mwenye kapu mapajani.

"Shikamoo, bibi," alisema mkaguzi.

"Marahaba, mwanangu. Tupishe kidogo hapo. Lifti inapita."

Mkaguzi akajibana ukutani, akavuta tumbo ndani, akaipisha.